Moto ya pori: kukataza peke yake haitoshi

(Maneno ya vijana wa Haut-Katanga mbele ya masultani, walimaji na vijana wenzetu, mwanzo wa kiangazi)



Mvua imekwisha. Majani yangali mabichi kidogo, lakini munajua wote kinachokuja. Mwezi wa nane moshi utajaa hewani. Mwezi wa tisa na wa kumi moto itaingia mashambani, kwenye mizinga ya nyuki, hata kwenye nyumba za majani. Halafu tutasikia tena maneno yale yale: "Ni watu wa kijiji ndio wanachoma inchi."

Sisi vijana tumekuja na neno moja. Kuna moto inayoua pori, na kuna moto inayolinda pori. Mwenye kuchanganya hizo mbili hatatulinda.

Munakumbuka mwezi wa nane mwaka 2019. Dunia nzima ilikuwa inalia juu ya Amazonia, kisha picha za satelite zikaonyesha moto mingi sana Angola na kwetu Kongo. Watu wa mbali wakauliza kama msitu wa Kongo unateketea. Tuseme kweli: sehemu kubwa ya moto ile ilikuwa huku kusini, kwenye savana na miombo, pahali ambapo majani yanaungua kila kiangazi. Karibu asilimia 70 ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika. Kwa hiyo swali letu lisiwe tu "nani amewasha?" Tuulize pia: amewasha lini, wapi, na nani alimupa ruhusa?

Juu ya nini wakati ni jambo kubwa? Mwezi wa tano na wa sita, majani yangali na maji ndani, na usiku umande unaanguka. Moto inatembea chini chini, inaacha miti, na mara nyingi usiku inazimika yenyewe. Pale ilipopita, moto kali ya mwezi wa tisa haipati tena cha kula. Lakini mwezi wa tisa kila kitu kimekauka kama karatasi, upepo unavuma, na ndio wakati miti ya miombo inatoa majani mapya mbele ya mvua. Moto ikipita wakati ule, inaua machipukizi.

Hii haiko hadisi. Karibu na mupaka wetu, Ndola upande wa Zambia, tangu miaka ya 1930 walipima sehemu tatu za miombo: moja ilichomwa mapema kila mwaka, moja ilichomwa kwa kuchelewa, moja haikuchomwa kabisa. Ile ya kuchelewa ilipoteza miti, ikageuka majani matupu. Ile ya mapema ilibaki na miti yake. Ile iliyolindwa kabisa ilizidi kuwa nzito. Wengine watasema: basi tukataze moto yote! Hapana, wandugu. Nani kati yetu anaweza kulinda pori nzima miaka kumi bila cheche moja? Majani makavu yanarundikana, na siku cheche inaanguka, kila kitu kinakwenda mara moja.

Wazee walijua hayo mbele ya watafiti. Kule Kopa, kaskazini mwa Zambia, utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulieleza desturi ya watu wa pale juu ya finkubala: wanachunguza pori, wanalinda mayai na miti yake na moto ya kuchelewa, na wanapanga siku za kuvuna. Finkubala hizo ndizo mama zetu wanauza sokoni Lubumbashi. Moto mubaya inakula karo ya shule ya mtoto.

Sasa nini kiliharibika? Ukoloni ulifika na sheria za kukataza, na sultani akapoteza nguvu ya kusema "leo tunachoma hapa, kule bado". Kisha vijiji vikasukumwa juu ya migodi. Muji unapika na makala kwa sababu umeme hautoshi, na wachoma makala wanaingia pori ambalo halina mwenyewe. Juu ya hayo, joto linazidi na mvua haishiki tena tarehe yake. Ndiyo maana hatusemi turudie kalenda ya zamani vile vile. Tunasema turudie macho ya wazee: kushika majani mkononi, kutazama upepo, kisha kuamua.

Haiko sisi peke yetu. Kaskazini mwa Australia, Arnhem Land, wenyeji waliondoka kwenye ardhi yao, na moto ya kuchelewa ikatawala. Waliporudi walianza tena kuchoma mapema. Kuanzia mwaka 2006, kwenye kilometa mraba 28.000, kampuni ya gesi ya Darwin ililipia kazi hiyo, kwa sababu moto ndogo ya mapema inatoa moshi kidogo kuliko moto kubwa ya kuchelewa. Kule maarifa ya wazee ni kazi yenye mushahara. Huku yanaitwa kosa.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Moja: wakubwa wa jimbo watenganishe moto ya mapema, yenye ruhusa na ulinzi, na moto ya kuchelewa. Mulimaji asifungwe wala kulipishwa bila kuuliza ni moto gani.

Mbili: kila kijiji kiwe na komite ya moto, sultani, wazee, wamama na vijana, na njia za kuzuia moto zikatwe kabla ya mwezi wa saba.

Tatu: tutumie sheria iliyopo. Dekreti 14/018 ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, mpaka hektari 50.000. Vijiji viombe, na mpango wa moto uandikwe ndani.

Ine: kampuni za migodi zilizochukua mapori zisaidie kulinda yanayobaki, kwa vyombo na kwa makuta.

Na sisi vijana? Kazi yetu ni kukaa na wazee mwezi huu, maana mzee akifa bila kuulizwa, amekwenda na kalenda yake. Tuandike, tutembee pori pamoja, tubebe maji na matawi siku ya kuchoma. Majani yangali mabichi. Wiki chache zinabaki. Tusingoje moshi ndipo tukutane tena.