Kufundisha Sauti ni Kazi: Mfano wa Cape Town
Hotuba kwa walimu wa kwaya na wazazi wa vijana



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ambazo kijana mwenye kipawa cha kuimba anaweza kuzifanya baada ya shule. Sisi wafanyakazi wa jamii swali hili hutufikia ofisini mara kwa mara, na huja kwa sura ile ile. Mama anakaa, anapumua, halafu anasema: "Huyu msichana wangu ataka kusomea muziki. Ni sawa, anaimba, hata kanisani wanamsifu. Lakini jamani, atakula nyimbo?" Hilo si swali la mzaha. Mtu aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuuliza.

Leo hatutawapa habari za waimbaji wa redio na televisheni, hao mwawajua kutushinda. Tutaeleza kazi moja isiyotajwa sana hapa kwetu, yaani kufundisha sauti katika chuo kikuu na kuongoza opera ya chuo. Tumechagua mfano wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kwa kuwa waimbaji wengi waliopitia pale miaka ya karibuni walianzia katika kwaya za shule na za makanisa, wakiimba kwa solfa, do re mi, kama sisi hapa.

Kwanza opera yenyewe. Ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, au karibu wote. Ilianza Italia miaka kama 400 iliyopita. Maiki hakuna. Mwimbaji anasimama mbele ya okestra nzima, fidla na tarumbeta na ngoma, na yule aliyekata tikiti ya bei ya chini kule juu lazima amsikie. Watu husema, basi ni kupiga mayowe. La! Mwenye kupiga mayowe siku ya tatu atakuwa hana sauti. Ndani ya koo kuna mikunjo miwili midogo ya nyama, ambayo kwa mwanamke haifiki urefu wa sentimita mbili. Soprano akipanda mpaka ile do ya juu wanayoiogopa wote, mikunjo hiyo hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Sekunde moja, jamani. Aliyefundishwa hutengeneza nafasi ya koo na mdomo hata sauti yake ikapata nguvu kwenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, pale ambapo okestra haina nguvu nyingi, naye akasikika bila kushindana nayo.

Hilo halisomwi kitabuni peke yake. Mtu hajisikii mwenyewe jinsi wengine wanavyomsikia, maana sauti yake humfikia pia kwa njia ya mifupa ya kichwa. Lazima awepo mwingine chumbani mwenye masikio. Huyo ndiye mwalimu wa sauti, na ndiyo sababu kazi yake haikufa hata baada ya mashine za kurekodi kujaa kila mahali.

Hufundisha mmoja mmoja, kwa kawaida saa moja kwa wiki. Akiwa na wanafunzi 15, hizo ni saa 15 za kusikiliza tu kabla hajashika kazi nyingine. Miezi mingi ya mwanzo yaweza kuishia kwenye pumzi, taya na ulimi. Kijana aliyekuwa nyota wa kwaya kwao huudhika sana hapa, anaona ati amerudishwa nasari. Halafu kuna lugha: Kiitalia, Kijerumani, Kifaransa. Mwafrika ana bahati kidogo kwa Kiitalia, kwa kuwa irabu zake ziko karibu na zetu, a e i o u zilizo wazi. Kifaransa chenye kupitia puani ni habari nyingine. Tena sauti kubwa hukomaa polepole, nyingine mpaka mtu afikie miaka thelathini hivi. Mwalimu akiiharakisha, ameivunja, na koo si kama gitaa, huwezi kununua nyuzi mpya dukani.

Sasa tuje Cape Town. Shule ya muziki ya pale ilianzishwa mwaka 1910, ikawa chini ya chuo kikuu mwaka 1923. Mwaka 1946 akaja kuiongoza mtunzi mmoja kutoka Scotland, Erik Chisholm, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaunda kikundi cha opera cha chuo. Msimamizi wa kikundi alikuwa Gregorio Fiasconaro, Mwitalia aliyefika Afrika Kusini akiwa mfungwa wa vita. Mwakumbuka lile kanisa dogo la Mai Mahiu, njiani kuteremka bondeni? Hilo pia lilijengwa na Waitalia wafungwa wa vita ile ile, mwaka 1942. Fiasconaro yeye alibaki kusini akafundisha kuimba. (Na kwa ninyi wapenzi wa riadha: kijana wake Marcello, mzaliwa wa Cape Town, ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1973 kule Milano, dakika 1:43.7.) Mwaka 1957 kikundi hicho kilikuwa London, kikiimba opera ya Bartók ambayo ilikuwa bado haijawekwa jukwaani Uingereza.

Hadi hapo ni habari njema. Lakini ni nani walioingia katika chuo hicho? Mwaka 1959 serikali ya ubaguzi ilitunga sheria ya kuwazuia wasiokuwa weupe kuingia vyuo vikuu vya weupe bila kibali cha waziri. Mji ule ule ulikuwa na watu wengine wanaoimba opera, wala hawakuwa wa chuo. Kikundi chao kiliitwa Eoan, kimeanzishwa mwaka 1933 katika mtaa wa District Six. Mwongozi wao, Joseph Manca, alikuwa mtu wa kazi ya hesabu katika baraza la mji. Waimbaji walikuwa washonaji, wafanyakazi wa viwanda, walimu wa shule, watu ambao serikali iliwaita machotara. Wengi hawakujua kusoma nota. Walishika kwa masikio, mstari baada ya mstari, usiku baada ya kazi. Mwezi wa Machi 1956 waliimba opera nzima ya Verdi, *La Traviata*, kwa Kiitalia, ukumbi wa mji ukajaa. May Abrahamse ndiye aliyeimba sehemu kuu ya mwanamke.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1966, mtaa wao ulitangazwa kuwa wa weupe, watu wakaanza kufukuzwa. Ilibidi waombe vibali ili kuimba, na wapokee pesa za ile idara ya serikali iliyowatenga, hata majirani zao wakawanung'unikia. Ukumbi mpya wa opera ulifunguliwa mwaka 1971 mjini humo. Miaka ya mwanzo watazamaji wasio weupe hawakuruhusiwa.

Twaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Husemwa kwamba opera si ya watu wetu, kwamba hatuna sauti za namna hiyo. Pale palikuwa na sauti pande zote mbili za mji. Kilichokosekana upande mmoja ni chumba, piano, na mwalimu anayelipwa mshahara ili asifundishe baada ya kuchoka na kazi nyingine. Basi. Kwa maoni yetu hakuna siri nyingine.

Mwaka 1982 shule ya opera ya chuo ilipata mkurugenzi mpya, Angelo Gobbato. Alizaliwa Milano, akaletwa Afrika Kusini akiwa mtoto, akasoma sayansi chuoni huku akijifunza kuimba. Alikaa katika cheo hicho zaidi ya miaka 20. Miaka ya 1990, ubaguzi ulipovunjika, waimbaji wa kwaya za mitaa ya weusi walianza kufunzwa kwa opera, naye alikuwa mstari wa mbele katika mpango huo. Walikuja na sauti zilizozoea kuimba bila ala. Walisoma solfa kwa kasi ya ajabu, lakini nota za mistari mitano hawakuzijua. Walimu hawakuwacheka, wala hawakuwapunguzia. Waliwafundisha nota.

Kazi ya mkurugenzi wa opera ya chuo ni tofauti kidogo na ya mwalimu wa sauti, ingawa mara nyingi ni mtu mmoja anazifanya zote mbili. Mkurugenzi hachagui mchezo anaoupenda. Huchagua mchezo ambao sauti alizo nazo mwaka huo zinauweza. Chukua *The Magic Flute* ya Mozart, ya mwaka 1791: inataka soprano wa kupanda juu kupita wenzake wote, na besi wa kushuka mpaka chini kabisa. Mwaka ambao besi huyo hayupo, kitabu kinarudi kabatini, hata kama mabango yalikuwa yamefikiriwa. Halafu agawe sehemu, na kila mzazi ajue kwamba kwa sehemu moja kuna wanaoitaka sita. Vyuo vingi huweka waimbaji wawili kwa sehemu moja, wapokezane usiku. Kuna mazoezi na piano miezi kadhaa, kuna kujifunza kutembea, kuanguka na kubusu huku unaimba, kuna mavazi, taa, na okestra inayofika wiki za mwisho na kubadilisha kila kitu. Na bajeti. Mkurugenzi ambaye hawezi kuomba pesa bila aibu hafai. Ninyi wa harambee mwajua.

Mmoja wa walimu wa sauti chuoni pale alikuwa Virginia Davids, soprano, aliyefika kuwa mkuu wa mafunzo ya sauti. Kwake alifika msichana Mzulu kutoka mji mdogo wa Piet Retief, Pretty Yende, aliyezaliwa mwaka 1985. Alikuwa na nia ya kuwa mhasibu. Alipokuwa na miaka 16 alisikia nyimbo katika tangazo la ndege kwenye televisheni, na kesho yake akamwuliza mwalimu wake shuleni ni kitu gani kile. Mwalimu akamwambia ni opera, na kwamba binadamu huweza kuiimba. Mwaka 2011 alishinda mashindano ya Operalia. Tarehe 17 Januari 2013 aliimba mara ya kwanza katika Metropolitan Opera ya New York, akiwa ameitwa siku chache tu kabla kushika nafasi ya mwingine. Alipotokea jukwaani alijikwaa ngazini akaanguka. Akainuka, akaimba. Mwezi wa Mei 2023 aliimba wakati wa kutawazwa Mfalme Charles kule London. Chuo hicho hicho kilimpitisha Golda Schultz, na Levy Sekgapane aliyeshinda Operalia mwaka 2017, na Pumeza Matshikiza aliyeacha masomo ya ukadiriaji wa majengo akaingia muziki. Nadhani wazazi hapa wameguna waliposikia hilo la mwisho.

Turudi kwa yule mama na swali lake. Ukweli ni kwamba wanaofika New York ni wachache mno. Mwimbaji wa opera kwa kawaida hulipwa kwa onyesho. Akishikwa na homa ya koo, hakuna malipo. Mwalimu wa chuo hupata mshahara wa mwezi, na nafasi zake pia si nyingi, maana akishaipata hukaa miaka ishirini. Inamlazimu digrii, na aghalabu awe ameimba jukwaani kwanza. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba ni njia rahisi. Twawaambia kwamba ni kazi, ina masomo yake, ina vyeti vyake, na mtu huizeekea kwa heshima.

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa digrii ya muziki, na Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, likiwa na mashindano ya sauti ya mmoja mmoja, si kwaya tu. Kijana anayetaka njia hii na aanze hapo. Ajifunze piano hata kidogo, kwa kinanda cha kanisa saa ambayo hakitumiki. Walimu, wapeni ufunguo. Ajifunze nota za mistari mitano akiwa bado shuleni, kwa kuwa solfa peke yake itamfikisha mlangoni imwache hapo. Nanyi walimu, wale wavulana wa miaka 13 na 14 wanaobadilika sauti, msiwalazimishe kubaki soprano kwa sababu ya kombe. Mikunjo ile ya koo inarefuka, sauti inashuka kama oktavu nzima, na apewe sehemu ndogo ya katikati mpaka itulie. Na mazoezi ya saa nne mfululizo usiku wa kuamkia sikukuu, kwa soda moja, hayo hata mwalimu mwenyewe yanamvunja.

Maswali tutayapokea sasa. Tungependa mwenye swali la hao wavulana aanze, maana wengi mmetushika mkono pale nje juu ya jambo hilo.