Kuchagua Rafadha



Mwenye kujiundia ndege ya kasi, kama Long-EZ iliyobuniwa na Burt Rutan wa Marekani, hana budi kuchagua rafadha. Mapanga yenye pembe ndogo huipandisha ndege upesi, lakini hupunguza mwendo wa safari. Yenye pembe kubwa hukimbia angani, ila huchelewa kuacha ardhi. Na miti ya mwisho wa kiwanja haihami. Je, ayarefushe? Rafadha ya mita 2, ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha zake hukimbia mita 293 kwa sekunde. Zikikaribia mwendo wa sauti, mita 340, nguvu hupotea kwa makelele.

Vijana, hakuna rafadha ifaayo kila safari. Pimeni kwanza kiwanja, kisha tamaa.