Tupime Intaneti Kabla Mkonga Haujafika
(Maneno ya afisa wa TEHAMA wa kaunti katika baraza la wakazi wa visiwani)



Nimeulizwa mara nyingi: intaneti ya visiwani tunajua ni mbovu, ya nini kuipima? Nitajibu kwa kisiwa cha St Helena, Atlantiki ya kusini, alikofungwa Napoleon hadi akafa mwaka 1821. Wakazi wake hawafiki 5,000. Mkonga wa Equiano ulifika ufukweni hapo Agosti 2021, lakini wananchi walianza kuutumia Oktoba 2023. Kwa miaka miwili kebo iko pwani na watu wako kwenye setilaiti. Huo ndio muda wa kupima, kwa sababu ukishahamia kwenye mkonga, hali ya zamani hairudi tena kupimwa.

Kinachopimwa si kasi peke yake. Setilaiti ya aina waliyoitegemea huko iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka: jumla kilomita zaidi ya 140,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde kabla chochote hakijatokea. Ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za namna hiyo, ndiyo maana unaweza kununua bandoli kubwa na simu bado inazunguka tu. Hapo bandoli haina kosa, ni umbali. Mkonga hupunguza umbali huo sana.

Pili, saa. Watu wengi wakigawana njia moja nyembamba, kipimo cha alfajiri hakifanani na cha saa mbili usiku. Anayekuonyesha namba moja bila saa hajakuonyesha kitu.

Na tatu, hapa ndipo watu hudanganyika: mkonga huishia ufukweni. Kutoka hapo hadi nyumbani kuna nyaya, minara na ruta ya sebuleni. Hizo zikiwa chakavu, utalipia mkonga na kupata yale yale. Ukiwa na vipimo vya kabla na vya baada, utajua ulalamike wapi, na kampuni haitakujibu kwa maneno matupu.

Setilaiti nayo isitupwe. Januari 2022 volkano ilikata mkonga wa Tonga, ikachukua wiki kadhaa kuutengeneza. Sisi wenyewe Mei 2024 tuliona intaneti ikidorora mikonga miwili ya pwani hii ilipokatika.

Basi kila kijiji kichague nyumba mbili tatu, shule na zahanati. Simu ile ile, mahali pale pale, alfajiri na baada ya isha. Andikeni tarehe, saa, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na ule muda wa kusubiri kwa milisekunde. Siku ya mvua au umeme ukipotea, andikeni pia. Daftari zifike kwa msimamizi wa wadi kila mwisho wa mwezi.