Mtoto Akishikwa na Degedege



Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, twasoma habari za baba mmoja wa Kapernaumu ambaye mwanawe alikuwa na homa, karibu kufa. Alikuwa mtu wa cheo, mtumishi wa mfalme, lakini hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe mpaka Kana, mwendo mrefu, kumtafuta Yesu. Maandiko hayasemi kama mtoto alishikwa na degedege. Lakini mzazi aliyewahi kumpakata mtoto anayewaka homa amwelewa baba huyu.

Sisi tunaozuru nyumba za waumini tumeyaona. Mtoto wa mwaka mmoja ana homa tangu asubuhi. Ghafla macho yanageuka juu, mikono na miguu inakakamaa na kutikisika. Nyumba inajaa watu. Mmoja asema ni nyuni, ndege aliyepita juu ya paa usiku. Mwingine aonya kwamba akichomwa sindano atakufa. Na mama aulizwa amefanya nini.

Hakufanya kitu. Kati ya miezi 6 na miaka 5 ubongo wa mtoto bado wakua, na baadhi ya watoto homa ikiwapanda hushikwa na degedege. Mara nyingi hukoma yenyewe kabla ya dakika 5, wala haiachi kilema. Karibu mtoto 1 katika 3 hushikwa tena siku nyingine akipata homa.

Lile neno la sindano ndilo linalotuhuzunisha, maana limezika watoto. Mtoto huwekwa nyumbani siku mbili akifukizwa moshi. Afikapo hospitali hana nguvu tena, achomwa sindano, afa. Basi sindano yalaumiwa, na zile siku mbili hazitajwi.

Akishikwa, mlazeni kwa ubavu, mbali na jiko. Mlegezeeni nguo shingoni. Msimtie kijiko wala dawa mdomoni, msimkandamize, msimmwagie maji baridi. Tazameni saa. Kisha mpelekeni hospitali siku iyo hiyo, hata akiwa ameamka na kucheka, kwa kuwa homa yenyewe yaweza kuwa malaria, ambayo hujulikana kwa kupima damu, au homa ya uti wa mgongo. Degedege ikipita dakika 5, au ikirudi, au mtoto asipozinduka, ondokeni papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Wako ndugu wasemao kwamba kukimbilia daktari ni kupungukiwa na imani. Yule baba aliamini, naye alikuwa safarini. Nasi twaweza kuomba tukiwa njiani, mtoto mgongoni.

Tuombe. Ee Baba, uwakumbuke akina mama walio macho usiku huu kando ya watoto wenye homa. Uwape jirani mwenye taa na mwenye kuwasindikiza. Kwa jina la Yesu. Amina.