Tangazo la Mgonjwa

Fungua pamoja nami Injili ya Yohana, mlango wa 11. Kama Biblia haiko karibu, sikiliza tu.

Sisi tulio Bungoma na Trans Nzoia twayajua matangazo ya vifo. Tangu siku za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, wazee wetu waliwanyamazisha watoto saa ya matangazo hayo ilipofika. Ndugu mmoja yuko Kimilili, mwingine alipata shamba karibu na Kitale baada ya Uhuru, wa tatu yuko Nairobi. Redio ndiyo iliyowaita wote kwenye kaburi moja. Siku hizi simu nayo huita. Hutajwa marehemu, mjane, watoto na kazi zao, wakwe, na yule ndugu ambaye hakusema na marehemu kwa miaka 10 lakini ataka jina lake lisiachwe. Kisha mochari ambamo mwili umelazwa, na siku ya mazishi.

Sasa angalia pale Bethania. Lazaro alipougua, Mariamu na Martha hawakungoja afe. Walimpelekea Yesu habari ng'ambo ya Yordani kwamba rafiki yake ni mgonjwa. Hilo lilikuwa tangazo, lakini la mtu aliye hai.

Najua utasema Yesu mwenyewe alikawia siku 2, na alipofika Lazaro alikuwa na siku 4 kaburini. Ni kweli, na wale dada hawakumficha uchungu wao. Lakini yeye aliweza kumwita mtu atoke kaburini. Mimi nikichelewa, nimechelewa.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mzee mmoja wa ushirika wetu alilazwa hospitalini Kitale majuma 3. Niliambiwa. Mara 2 nilipita mbele ya lango lile nikienda sokoni, nikasema moyoni, nitaingia kesho. Kisha nikasikia jina lake redioni, mimi na kikombe cha chai mkononi.

Hapo ndipo nilipokuwa hodari! Niliongoza kamati. Tulichanga fedha za mochari, maana kila siku mwili unapolala huko malipo huongezeka. Tukachanga za jeneza, za gari, za mahema na chakula. Watu waliofika mazishini hawakuhesabika. Nilihubiri vizuri, nafikiri.

Jioni mjane aliniita kando. Akasema, "Mchungaji, alikuwa akiuliza kila siku kama umekuja. Nikamwambia uko safarini."

Sikuwa safarini. Mama yule alijua.

Kuna vifo visivyotoa nafasi. Mzee Masinde Muliro, mtu wetu wa Kitale, alianguka akafa uwanja wa ndege wa Nairobi tarehe 14 Agosti 1992, akitoka London, nani angemwahi? Lakini Makamu wa Rais Kijana Wamalwa alipofariki London tarehe 23 Agosti 2003, habari za ugonjwa wake zilikuwa zimetangulia. Wengi wetu tunaowazika huwa hivyo. Habari hutangulia.

Katika ushirika wetu, siku hizi mzee wa kanisa husoma majina ya wagonjwa kabla ya matangazo mengine yote, pamoja na wodi na saa za kuwaona. Wengine walinung'unika kwamba ibada inarefuka. Jumapili iliyopita yalisomwa majina 4: wawili wako Kitale, mmoja Bungoma, na bibi mmoja yuko nyumbani kwake Kamukuywa, hawezi kuamka. Yeye nimemwona jana. Aliomba nimletee ndizi mbivu.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyelia Bethania, uwe pamoja na hao wanne, na wale ambao hakuna aliyesoma majina yao. Amina.