Hewa ya jana haipimwi leo

Juma hili tuzungumzie kazi isiyo na shangwe: kupima hewa mahali pale pale, kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, visiwani Hawaii. Katika kila chembe milioni moja za hewa alikuta kama 315 za ukaa. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 421. Hesabu hiyo haikupatikana kwa safari moja ya mtaalamu na begi lake. Na hata huko kwa matajiri, mwaka 1964 fedha zilipunguzwa, vipimo vikasimama kwa muda. Pengo lile halizibiki hadi leo.

Nasi tunacho kituo. Kipo Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilifunguliwa mwaka 1999, na kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa. Katika ukanda wa ikweta barani Afrika, vituo vya namna hiyo ni vya kuhesabu kwa vidole. Umeme umekisumbua sana. Ukikatika, mashine zinalala. Waswisi wamesaidia kwa vyombo na mafunzo, ahsante yao. Lakini kumlipa fundi apande kwenye baridi ile ni jukumu la bajeti yetu, na bajeti, tunaijua, hupenda mradi wenye utepe wa kukata. Basi waheshimiwa wakianza kusoma makadirio, mtu awaulize: fungu la kituo kile liko ukurasa gani?