Mita 60 za Mto

Msikilizaji, kila masika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam linapofurika, tunasema mto umevamia nyumba. Ukweli ni kinyume: nyumba ndizo zilizouvamia mto. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Eneo hilo si kiwanja kilichosahaulika. Matete na miti yake hushika udongo, huchuja taka na kuyapunguzia maji kasi. Ukilifukia kwa kifusi na kujenga ukuta, maji hayapotei. Yanahamia kwa jirani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Basi tusisubiri nyumba iezekwe ndipo ichorwe alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Ulinzi uanzie kwenye upimaji wa viwanja na kibali cha ujenzi, na umguse tajiri sawa na maskini. Maji hayasahau njia yake. Tuwaachie wajukuu wetu mto wenye kingo.